Kava la gemu: kutoka mfuko wa nailoni mpaka picha ya ukubwa wa stempu

Nimepotea hapa kama wiki tatu hivi, testi zilijipanga foleni kama watu wa Posta saa kumi na moja jioni. Leo sina umbea wa chuo, nina historia. Na wala si ile historia ya kukariri tarehe za mikutano. Ni historia ya kava la gemu: ile picha ya mbele ya boksi, ambayo siku hizi imekuwa picha ya mbele ya duka la mtandaoni.

Najua kuna watakaosema huyu kaishiwa mada. Vumilieni. Mimi naona ndani yake kuna swali zito: mtu asiyejulikana, hana kampuni, hana hela ya matangazo, atamfanyaje mtu asiyemfahamu asimame japo sekunde moja aitazame kazi yake ya miaka miwili? Hilo swali limejibiwa mara nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 70, na kila mara jibu lilitegemea vitu viwili: picha inatundikwa wapi, na mteja amedanganywa mara ngapi kabla ya kufika hapo.

Tuanze Texas, mwaka 1979. Kuna kijana wa sekondari anaitwa Richard Garriott, baba yake Owen ni mwanaanga wa NASA. Kijana anafanya kibarua kwenye duka la kompyuta la ComputerLand. Kwa muda wake ameandika gemu kwenye Apple II, inaitwa Akalabeth, ya kushuka mapangoni kupigana na majitu. Bosi wake anaiona, anamwambia bwana mdogo, mbona hii inauzika? Basi Garriott anatoa dola 200 hivi, anachapisha vijitabu na karatasi za kava, anatia diski ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa kubana mdomo kwa vidole, anatundika pale pale dukani. Na kava? Alichora mama yake.

Hapo ndipo napapenda. Leo tunaongea habari za watengenezaji huru kama vile ni kitu kilichozaliwa juzi, kumbe mwanzoni karibu kila mtu alikuwa huru, na idara ya sanaa ilikuwa mama mzazi. Mfuko ule uliuza nakala chache tu pale dukani, lakini moja ikafika kwa kampuni moja ya California, California Pacific, wakaitoa rasmi mwaka 1980. Wao wakaweka kava jipya la mchoraji Denis Loubet, ambaye baadaye alichora makava kadhaa ya Ultima. Garriott mwenyewe amesimulia kwamba ziliuzwa nakala 30,000, naye akapata dola 5 kwa kila moja. Pigeni hesabu wenyewe, ni dola 150,000 kwa mtoto wa shule. Boom la miaka mingapi hilo?

Mwaka huo huo wa 1980, Ken na Roberta Williams nao waliuza Mystery House kwa mtindo ule ule wa mfuko wa nailoni. Maduka ya kompyuta hayakuwa na rafu za gemu, yalikuwa na ubao wenye ndoano. Ukiwa umeninginia kwenye ndoano, kazi ya kava ni ndogo: kumwonyesha mtu kwamba hiki ni kitu kinachouzwa, si karatasi iliyosahaulika. Washindani walikuwa wachache, mteja alikuwa na muda, na muuzaji yupo pale pale wa kumuuliza.

Sasa hamia upande wa wenye hela. Atari walitoa mashine yao ya VCS mwaka 1977, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la 2600. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Kwa wasiosoma kompyuta: SMS moja ya herufi 160 inabeba baiti 140. Yaani mashine nzima ilikuwa inafikiria kwa nafasi pungufu ya meseji ya "nitumie vocha". Kwenye skrini kifaru cha vita kilikuwa vijiboksi vichache vimeshikana, basi.

Utawauziaje watu vijiboksi? Atari wakawatafuta wachoraji wa kweli, wa rangi na brashi. Cliff Spohn ndiye aliyeweka mtindo: picha nyingi zinamwagika ndani ya picha moja, ndege hapa, uso wa rubani pale, moto unalipuka, kila kitu kinakwenda mbio. Tazama kava la Combat, halafu washa gemu yenyewe. Au Adventure ya 1980: Susan Jaekel alichora ngome na majoka ya kutisha, wewe ndani ya gemu ni kijiboksi cha mraba. Kimraba! Unashika upanga unaofanana na mshale, unakimbizwa na joka ambalo watu wamelitania miaka yote kwamba ni bata.

Je, huo ulikuwa utapeli? Mimi nasema hapana, walau si mwanzoni. Lile kava lilifanya kazi ya bibi anayesimulia hadithi gizani. Bibi hana skrini, lakini wewe unamwona fisi na sungura vizuri kabisa. Watoto wa Marekani walikaa mbele ya televisheni boksi likiwa pembeni, macho yakaona kimraba, kichwa kikaona shujaa. Na gemu yenyewe ilikuwa nzuri, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Tatizo lilikuja pale picha ilipobaki nzuri na gemu ikaoza. Mwaka 1982 Atari walitoa Pac-Man iliyowaudhi wapenzi wa ile ya mashine za kumbi za michezo, na mwisho wa mwaka wakatoa E.T., ambayo Howard Scott Warshaw alipewa kama wiki tano kuiandika peke yake. Wiki tano, wadau. Kuna watu humu wana ripoti ya mafunzo ya vitendo imewachukua zaidi ya hapo. Mwaka 1983 soko la Amerika Kaskazini likaporomoka, na Atari wakazika mzigo wa kaseti kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Muda mrefu watu walidhani ni hadithi ya vijiweni, mpaka Aprili 2014 walipofukua na kutoa kaseti kama 1,300, E.T. zikiwemo. Sisemi kava ndilo lililoua soko. Liliuawa na mengi: gemu zilizidi, kila kampuni ilitaka kuuza, kompyuta za nyumbani zikashuka bei. Ila ninachokiona ni kwamba mteja alitoka pale ameshajifunza kutoamini boksi.

Kabla ya hapo kulikuwa na watu walioliona hilo mapema. Atari hawakuwa wanaandika jina la mtengenezaji popote. Warren Robinett, aliyetengeneza hiyo Adventure, alilificha jina lake ndani ya chumba cha siri kwenye gemu, na mabosi hawakujua mpaka wachezaji walipolikuta. Wengine wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, wao waliondoka, na mwaka 1979 wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy. Tazama mabonksi... samahani, maboksi yao: rangi moja kali inayoonekana toka mbali, na mchoro unaofanana na kile utakachokikuta kwenye skrini, umesafishwa tu kidogo. Na jina la mtengenezaji lipo. Pitfall! ya Crane, 1982, iliuza zaidi ya nakala milioni 4. Kwangu mimi hao ndio babu wa makava ya watengenezaji huru, ingawa kampuni yenyewe baadaye ilikua ikawa jitu.

Halafu wakaja Nintendo. Oktoba 1985, New York, wanajaribu kuuza mashine ya NES kwenye soko ambalo wenye maduka hawataki hata kusikia neno gemu. Wakatoa maboksi meusi, na katikati wakaweka pikseli. Yaani walichukua vijiboksi vile vile ambavyo Atari walivificha, wakavikuza, wakaviweka mbele ya kila mtu: Mario wa kwenye kava ndiye Mario wa kwenye televisheni. Ni kama mama ntilie anayefunua sufuria kabla hujakaa, ujionee mwenyewe kama kuna nyama.

(Kwa wanaopenda vichekesho, tafuteni kava la Marekani la Mega Man, gemu ya 1987. Ndani ya gemu ni kijana wa buluu anayefyatua risasi kutoka mkononi mwake. Kavani ni jamaa wa makamo, nguo za njano na buluu, miguu imepinda, ameshika bastola. Kava lile lilisemwa sana mpaka mwaka 2012 Capcom wenyewe walimwingiza jamaa huyo kama mpiganaji kwenye Street Fighter X Tekken, na kitambi wakamwongezea.)

Miaka ya 90 nairuka. Makampuni makubwa, maboksi makubwa, sura zenye hasira. Ila kuna kava moja siwezi kuliruka, la ICO, gemu ya PlayStation 2 ya mwaka 2001. Kava la Japani na Ulaya alilichora mkurugenzi mwenyewe, Fumito Ueda, akiwa amevutiwa na michoro ya Giorgio de Chirico: jengo kubwa lenye matao, jua kali la njano, vivuli virefu, na watoto wawili wadogo mno wanakimbia wameshikana mikono. Hakuna upanga, hakuna mlipuko. Marekani waliweka kingine, sura ya mvulana imejazwa mbele, kazi ya haraka haraka. Yasuhide Kobayashi wa Japan Studio ya Sony alikuja kusema kwamba kava hilo, pamoja na jina lisilomwambia Mmarekani chochote, vilichangia gemu isiuzike vizuri kule.

Mpaka leo watu wakiulizwa kava zuri la gemu, la Ueda halikosekani, na mimi nipo upande huo. Lakini hebu lipunguze. Lifanye liwe na upana wa pikseli 120 na urefu wa pikseli 45. Watoto wamepotea. Mikono waliyoshikana, ambayo ndiyo gemu nzima, imepotea. Kilichobaki ni doa la njano. Na lile la Marekani tunalolicheka? Sura bado inaonekana. Inauma kusema, ila ndivyo.

Hizo namba 120 kwa 45 sikuziokota. Steam, duka la kampuni ya Valve, lilifunguliwa Septemba 2003, na Oktoba 2005 likaanza kuuza gemu ya mtu wa nje, Rag Doll Kung Fu ya Mark Healey na wenzake. Mwaka 2012 wakaleta Greenlight, watu wanapiga kura gemu ipi iingie. Juni 2017 kura zikafutwa: lipa dola 100, timiza masharti, ingia. Mlango ukafunguka kweli kweli, kwa sababu mwaka 2024 peke yake ziliingia gemu zaidi ya 18,000. Kwenye orodha za duka hilo picha yako ilikuwa inapunguzwa yenyewe mpaka 184 kwa 69, na nyingine mpaka hiyo 120 kwa 45. Stempu ya posta inakuzidi.

Kwa hiyo baada ya miaka yote hiyo tumerudi kwenye ndoano ya Texas, tofauti ni kwamba ubao una maelfu ya mifuko, kila mfuko ni mdogo kuliko ukucha, na muuzaji wa kumuuliza hayupo. Waliofaulu hapo walijifunza kuacha vitu. Hollow Knight ya 2017, kazi ya timu ndogo ya Adelaide, Australia, ina kiumbe mwenye uso mweupe na pembe mbili juu ya giza la buluu. Unaweza kuichora kwa chaki ubaoni na mtu akaijua. Stardew Valley ya 2016, ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, kwa mtazamo mmoja unajua hapa kuna shamba na hakuna bunduki. Hiyo ni nusu ya kazi, kumfukuza mteja ambaye si wako. Mtu wa bunduki akinunua shamba kwa bahati mbaya atakuja kukutukana kwenye maoni.

Wengine walijifunza kuongeza vitu. Wakaanza kubandika kavani nyota za wahakiki, majani ya tuzo, "punguzo asilimia 50", mpaka picha ikawa kama ukuta wa matangazo ya tuition. Tarehe 1 Septemba 2022 Valve wakapiga marufuku: kavani ni mchoro wa gemu, jina la gemu, na kichwa kidogo rasmi kama kipo, basi. Moja ya sababu walizotoa ilinifurahisha, kwamba maneno hayo karibu yote ni ya Kiingereza tu na wanunuzi wengi duniani hawaelewi. Kumbe wanajua tupo.

Sasa kwa nini nimeingia kote huku. Kuna mshikaji korido ya juu, wa uhandisi, ametengeneza gemu kwa mwaka na nusu kwenye laptop ambayo kibodi yake haina herufi M. Gemu yenyewe ni ya konda wa daladala: gari limejaa, abiria wanataka chenji, mwingine amelipa, mwingine anadai amelipa, na wewe una mikono miwili. Nimeicheza, ni tamu na inatia jasho. Ile dola 100 ni shilingi laki mbili na nusu hivi, ameichanga kwa kubana boom na kutengeneza simu za watu. Valve hurudisha hiyo hela gemu ikishaingiza dola 1,000. Isipofika, imekwenda.

Kava la kwanza alimlipa mtu mtaani amchoree. Daladala linaruka juu ya moto, konda ana misuli kama mcheza mieleka, miwani ya jua, kila kitu. Kava la Atari kabisa, miaka 45 baadaye, bila mkono wa Cliff Spohn. La pili alimwomba akili mnemba. Konda katoka na sura nzuri, lakini noti alizoshika si za nchi yoyote duniani, na kibao cha gari kimeandikwa lugha ya majini. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2024 Valve wanataka ueleze wazi kama umetumia akili mnemba kutengeneza gemu, naye hataki hilo neno liwe la kwanza mtu kulisoma kuhusu jasho lake.

La tatu kalichora mwenyewe kwa penseli, akapaka rangi kwenye kompyuta. Mkono tu. Mkono wa konda, noti zimekunjwa kwa urefu zimepita katikati ya vidole, sarafu kiganjani. Hakuna sura, hakuna gari. Nilipoliona nilisimama. Kila aliyepanda daladala anaujua mkono ule, na unaonekana hata ukiupunguza.

Ubishi ukawa mkali. Mmoja wetu akasema wanunuzi wa Steam walio wengi hawajawahi kuona konda, kwao huo ni mkono wa mcheza kamari. Mimi nikasema mgeni ataona hela na haraka, inatosha, na mwenyeji ataona nyumbani. Tukaamua kupima. Tukaweka makava yote matatu kwenye simu, kwa kipimo cha 120 kwa 45 yakiwa katikati ya makava mengine ya dukani, tukapita kafeteria na kuwauliza watu wanane swali moja: hii ni gemu ya nini? La kwanza, sita wakasema vita. La pili, watu wakauliza hii ni filamu gani. La mkono, watatu wakasema pesa, wawili wakasema daladala papo hapo huku wanacheka, na watatu wakasema karata.

Karata! Noti zilizokunjwa, kwa umbali ule, ni karata tupu. Na hao watatu ni wa hapa hapa, wanapanda daladala kila siku ya Mungu.

Amerudi mezani. Mkono unabaki, hilo hajadili. Nyuma yake ataweka ubavu wa gari na ule mstari wa rangi ya ruti, mnene, ukatize picha yote toka kushoto mpaka kulia, na noti moja ataikunjua kidogo ionekane ni noti. Jina nalo bado. Anataka "Chenji" peke yake, mimi nimemwambia asiliguse. Mchoro mpya ataleta Jumamosi, wenye macho mje chumbani muulizwe swali lile lile. Mimi Alhamisi nina testi na desa sijalifungua hata ukurasa mmoja. Tuonane kwenye maoni.